Bima ya Gari Lililolala

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki ya nane ya ndoa. Nimeamka kabla ya Eliya ili nimtazame tu. Ana alama ya mto shavuni. Sijui kama wake wote hufanya hivi au ni mimi peke yangu. Sitaki kujua.

Chai, mkate wa jana, basi mpaka mjini, kisha kwa miguu hadi Hockley. Ndiyo Jumamosi yetu nikiwa sina shifti. Ananishika mkono njia nzima, halafu anauachia tukifika getini, maana anamwonea haya Mzee Jaswant mwenye gereji.

Gari la marehemu baba mkwe liko uani, nyuma ya gereji, chini ya turubai. La kijani. Halijawaka tangu Mzee Mbwambo afariki, miaka minne sasa. Betri hakuna. Giaboksi iko mezani vipande vipande. Mzee alilinunua alipopata kazi ya kwanza hapa Birmingham, na kila Jumapili alilijaza Watanzania akawapeleka kanisani, watu saba kwenye viti vya watu watano. Hospitalini alimwambia Eliya: usiliuze, liwashe. Eliya ananisimulia hili kila wiki kana kwamba ni mara ya kwanza. Na mimi nasikiliza kila wiki kana kwamba ni mara ya kwanza.

Na ni gari langu! Siku ya harusi Mama mkwe alisimama mbele ya ukumbi mzima na ufunguo umefungwa kwenye kanga. Akasema gari la mumewe halimwendei mtoto wake, linamwendea mkwe wake, ili nijue nimefika nyumbani. Vigelegele. Katibu wa kamati ya harusi akajaza fomu ya kubadilisha jina palepale mezani, kwenye simu ya Mama, kwa anwani ya Mama, maana sisi tulikuwa hatujapata chumba. Nikasoma: Rehema Mbwambo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona jina hilo limeandikwa. Nililia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Leo Mzee Jaswant amenipokea na maneno yake. Ni Singasinga, mzaliwa wa Moshi, Kiswahili chake kinakipita changu kwa utani.

"Bibi harusi, umemletea mume chai au umekuja kumvuruga?"

"Vyote viwili, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi chai kwanza."

Lengo letu ni mwezi wa sita. Jumapili moja ya mwezi wa sita Mama akae kiti cha mbele, Eliya aendeshe, mimi nyuma. Nampenda huyu mwanamume mpaka najiona mjinga.


Jumatatu, 28 Aprili

Shifti ndefu. Bibi mmoja pale kwenye nyumba ya wazee kaniuliza kwa nini natabasamu huku nabadilisha shuka. Nikamwambia nimeolewa. Akasema nilimwambia jana pia.


Alhamisi, 1 Mei

Kuvunja kamati kumeahirishwa tena. Mara ya tatu. Mwenyekiti yuko Dar, mweka hazina ana shifti za usiku, katibu anahama nyumba. Mama mkwe amekasirika. Kwake harusi haijaisha mpaka kamati ivunjwe: tule, tushukuru, na bahasha zote zilizochelewa zifunguliwe mbele ya watu, jina moja moja. Ameniambia kwenye simu kwamba zangu zinaendelea kuja, anaziweka kwenye kapu pamoja, hakuna mtu anayezigusa.

Nilicheka. Nani bado ananitumia kadi za harusi mwezi wa tano?


Jumanne, 6 Mei

Mzee Jaswant kapiga simu asubuhi. Watu wamekuja na kufunga chuma cha njano kwenye gurudumu la gari. Wamebandika karatasi kwenye kioo. Amewaambia hili ni gari la marehemu, halina hata giaboksi. Wakasema wao hawahusiki na giaboksi.

Eliya alikuwa kazini. Nimekwenda mimi. Mvua. Karatasi inasema gari halina bima wala kodi, na halijatangazwa kwamba limetolewa barabarani.

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye tope. Halijatolewa barabarani? Liko ndani ya geti! Lina nyasi kwenye magurudumu! Limekaa kwenye ua wa mtu, kwa ruhusa ya mtu, limefunikwa kama mgonjwa. Litamgonga nani?

Mama alinihakikishia alilitangaza mara tu Mzee alipofariki. Tutapiga simu kesho, tutaeleza. Ni kosa tu la kompyuta yao.


Jumatano, 7 Mei

Limechukuliwa.

Tulipopiga simu saa tatu lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori. Mzee Jaswant alisimama mbele ya geti na kilemba chake na umri wake wote, wakamwomba kwa adabu asogee. Hawakumsukuma. Angesema walimsukuma ningejisikia afadhali.

Yule wa kwenye simu alituelewesha pole pole, kama anavyofundishwa mtoto. Gari likiwa na jina lako, ama lina bima, ama umetangaza kwamba halitembei. Hakuna la katikati. Haijalishi limelala wapi. Mama alilitangaza, ndiyo, lakini tangazo lilikuwa la jina la Mama. Siku jina lilipobadilika, tangazo likafa. Mwenye jina jipya alitakiwa atangaze upya.

Mwenye jina jipya ni mimi. Kutangaza ni bure. Dakika tano, kwenye simu.

Kisha akasema kitu kingine, hakujua anachonifanya. Lingekuwa kwenye ua wa nyumba anayoishi mtu wasingelifunga wala kulibeba. Faini tu. Lakini ua wa gereji si nyumbani.

Lilikuwa nyumbani kwa Mama, Acocks Green. Mimi ndiye niliyesema lihamishiwe Hockley. Nilitaka mume wangu afanye kazi penye paa karibu, asilowe.

Tuna siku saba. Lisipotolewa kwa siku saba, litapondwa. Eliya alinawa mikono kwa muda mrefu ingawa haikuwa na grisi.


Alhamisi, 8 Mei

Ili walitoe wanataka bima. Nimechukua siku ya likizo kutafuta bima. Simu tisa.

Wote maneno yaleyale.

"Linatembea?"

"Halitembei."

"Nani ataliendesha?"

"Hakuna."

"Sasa bima ya nini, mama?"

"Sheria inasema lazima."

Vidole kwenye kibodi. "Samahani, mfumo unakataa."

Mmoja anataka namba ya leseni ya Uingereza. Sina, nina ya Tanzania. Mmoja anataka cheti cha ukaguzi. Gari haliwezi kukaguliwa bila gia. Mmoja kasema nikishalitoa nimpigie tena. Nimemwambia siwezi kulitoa bila bima. Akasema anaelewa. Haelewi! Angeelewa angelia.

Kuna sheria inayonitaka nikate bima ya kitu ambacho hakuna mtu anayekubali kukikatia bima. Naandika hivi ili niione kwa macho. Bado haina akili.

Jioni Eliya kampata mmoja aliyekubali kwa jina lake. Lakini gari ni kuukuu, lazima wakubwa wake walipitie, cheti kitatoka wiki ijayo. Wiki ijayo siku gani? Hajui.

Eliya ameniuliza swali moja tu. "Hawakutuma barua?"

Nikasema sijaona barua yoyote. Ilikuwa kweli.


Ijumaa, 9 Mei

Najuta kwenda kwa Mama leo.

Nilikwenda baada ya shifti, ni dakika kumi kwa miguu. Hajui lolote. Eliya kanikataza nisimwambie, presha yake haiko sawa. Amenipikia makande. Anaimba imba. Kisha akaleta kapu, kaliweka mapajani kwangu, kaifungua kanga iliyolifunika.

"Ona mwali wangu anavyopendwa. Mpaka serikali inakupongeza."

Bahasha tatu za kahawia, zenye dirisha. Rehema Mbwambo. Rehema Mbwambo. Rehema Mbwambo. Katikati ya kadi zenye maua na njiwa.

Kasema hakuthubutu kuzifungua. Si jina lake. Na bahasha za bibi harusi ni za mbele ya kamati, atakuwa mama mkwe wa namna gani anayechungulia? Alikuwa anajivunia. Macho yake yaling'aa.

Nikasema, "Asante, Mama." Nikaomba niende nazo hizo tatu. Akasita, akacheka, akasema haya, usimwambie mwenyekiti.

Nimezisoma kwenye kituo cha basi. Ya kwanza ni ya upole, ya mwezi wa tatu. Ya pili inaonya. Ya tatu ina maandishi mekundu. Mwezi mzima gari la mumewe lilikuwa linaomba kuokolewa kutoka ndani ya kapu lake, chini ya kanga yake.

Mungu wangu. Akijua itamuua.


Jumamosi, 10 Mei

Nimemdanganya mume wangu.

Asubuhi, kabla sijafikiri sana. Nimeziweka bahasha mezani. Nimemwambia Mama alinipa siku nyingi, nikazitupa kwenye mkoba wa kazini nikasahau.

Alizisoma zote tatu. Alizipanga kwa tarehe. Akanitazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha basi kwa mbali.

"Ulisahau."

"Nilisahau, Eli."

Akavaa viatu akatoka. Hakupiga kelele. Hakufunga mlango kwa nguvu. Siku zote nilidhani nimebahatika kupata mwanamume asiyepiga kelele. Leo ningetoa chochote apige.


Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda mwenyewe mahali wanapoweka magari waliyoyachukua. Mabasi mawili. Nimeliona kupitia uzio! Bila turubai, katikati ya magari yaliyogongwa. Safi kuliko yote. Eliya alikuwa amelipiga polishi mlango wa mbele, ule wa upande wa Mama.

Dada wa dirishani aliniita bab, kama watu wa hapa wanavyoitana. Alikuwa mwema. Nimeshapata mfadhaiko wa kutosha kutoka kwa watu wema wiki hii.

Hata bima ingekuwepo, nahitaji kuonyesha kwamba mimi ndiye mimi. Gari ni la Rehema Mbwambo. Kitambulisho changu cha kazi kinasema Rehema Shekiondo. Cheti cha ndoa kiko ubalozini London pamoja na pasipoti, nilivipeleka vyote wiki ya pili baada ya harusi. Sikuweza kusubiri. Nilitaka jina lake kila mahali, hata kwenye kadi ya maktaba.

Nilimwonyesha picha za harusi kwenye simu. Alizitazama zote, akasema gauni ni zuri sana. Akasema hawezi.

Nilisimama kwenye uzio nikaongea na gari. Nililiomba msamaha kwa sauti. Mlinzi alijifanya anasoma simu yake.


Jumanne, 13 Mei

Ubalozini wanasema kesho. Bima wanasema kesho.

Eliya anakula akiwa amesimama. Ananiambia asante nikimpa sahani. Asante! Kama mimi ni mhudumu.


Jumatano, 14 Mei

Cheti cha ndoa kimefika kwa posta saa nne asubuhi. Nikakibusu. Bima saa tisa na nusu, kwa barua pepe. Eliya akaomba ruhusa kazini, tukakutana kituoni, tukakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akanishika mkono. Alikuwa anakimbia na mimi, mkono wangu ndani ya wake, na pamoja na yote nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi.

Tumefika saa kumi na dakika ishirini. Pale lilipokuwa limeegeshwa palikuwa patupu.

Dada yule yule. Alipotuona aliweka kalamu chini. Sisi tulihesabu siku saba kuanzia kesho yake. Wao walihesabu kuanzia siku ile ile. Limeondoka saa mbili asubuhi. Eliya akauliza limekwenda wapi. Akasema, pole sana, limeshapondwa.

Eliya akamshukuru. Akamuuliza kama walikuta kitabu cha nyimbo kwenye kisanduku cha mbele, cha baba yake. Hakikuandikwa popote.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele yangu. Viti vya pembeni yangu vilikuwa vitupu.


Ijumaa, 16 Mei

Moyo wangu umevunjika na hakuna wa kumlaumu ambaye ninaweza kumlaumu. Sheria? Sheria haina uso. Naichukia hata hivyo. Naichukia kwa sababu haikuuliza hata mara moja lile gari lilikuwa linafanya nini pale. Lilikuwa linasubiri. Hiyo tu.

Eliya amelala sebuleni kwa Mzee Jaswant. Amesema wanamaliza kazi ya mteja. Hakuna mteja.

Wiki kumi na moja za ndoa.


Jumapili, 18 Mei

Tulimwambia Mama baada ya kanisa. Ilibidi, alianza kuuliza avae kitenge gani siku ya gari. Eliya alimshika mikono yote miwili. Akamweleza kila kitu, akasema barua zilikuja lakini kulikuwa na usahaulifu. Hakusema wa nani. Alinilinda. Hata akiwa amenikasirikia hivyo, alinilinda mbele ya mama yake, na hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze.

Mama akauliza, "Barua gani?"

Mama akatutazama kwa zamu.

"Zile za kahawia?"

Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyesahau."

"Usahau nini? Zilikuwa kwangu. Nilikupa Ijumaa ile ya makande." Alianza kuhesabu kwa vidole. Nilimwona akifika kwenye jibu. Akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, na nguo zake za kanisani. "Nimelipeleka mimi. Gari la Baba Eliya. Nimelipeleka mwenyewe."

Hakulia kwa sauti. Eliya alipiga magoti akamkumbatia, akamwambia hapana Mama, hapana, ni sheria tu, ungejuaje. Maneno yote niliyoyatamani wiki nzima. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo tele.

Njiani, mvua ikinyesha, akaniambia:

"Nimekuchukia siku nane, Rehema. Kwa kosa ambalo si lako. Unajua hilo linanifanya nijisikieje?"

"Nilitaka kumlinda Mama."

"Na mimi nilindwe na nani? Nimeoa juzi. Tayari kuna mambo ambayo wewe na Mama mnayajua na mimi siyajui."

"Mama hakujua, Eli."

"Basi ulikuwa peke yako humo. Hilo ndilo baya zaidi."




Jumanne, 20 Mei

Mama anapiga simu kila saa kuuliza kama nimekula. Nami nampigia kuuliza kama amekula. Hakuna anayekula.

Amefuta kuvunja kamati. Amesema wavunje wenyewe.


Jumatano, 21 Mei

Eliya amerudi kulala nyumbani. Asubuhi aliacha chai yangu imefunikwa na kisosi. Sukari mbili. Nimeitazama mpaka ikapoa.


Jumamosi, 24 Mei

Sikuwa na shifti. Nilidhani atakwenda peke yake. Akasimama mlangoni na koti langu mkononi, akasubiri.

Hockley ilikuwa na jua. Tulikuwa tunakwenda kutoa vyombo vyake, Mzee Jaswant anahitaji nafasi.

Uani kuna mstatili mweupe kuliko sehemu nyingine, na doa la mafuta mahali injini ilipokuwa inachuruzika. Eliya alikunja turubai, mimi nikashika upande wa pili. Tulikutana katikati kama watu wanaokunja shuka. Akafunga vipande vya giaboksi kwenye magazeti, kimoja kimoja. Sikumuuliza atavipeleka wapi. Nikafagia. Nilifagia zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha akaanza kuongea bila kunitazama. Kwamba baba yake hakujua kuendesha vizuri. Kwamba alikuwa anakanyaga breki kila penye kona, na abiria wote saba walikuwa wanainama kwa pamoja, na Mama anasema haleluya. Hili hajawahi kunisimulia. Nilicheka, halafu nikaogopa kwamba nimekosea. Na yeye akacheka, kidogo, puani.

Mzee Jaswant alituletea chai. Hakutania. Hakuniita bibi harusi. Aliniita binti.

Saa nane likaja gari la mteja, jeupe, dereva mzee mwenye wasiwasi na vioo vyake. Hakukuwa na nafasi nyingine uani. Mzee Jaswant akamtazama Eliya. Eliya akaweka kikombe chini, akaenda kusimama ukutani, juu ya ule weupe, akanyanyua mikono miwili.

"Rudi. Rudi. Bado. Kidogo tena, mzee wangu. Hapo hapo."